Makutano ya Londiani na Watu Walioachwa Nje ya Mchoro

Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, mnamo saa kumi na mbili na nusu za jioni, trela lililobeba kontena lilifika makutano ya Londiani likitoka upande wa Nakuru kuelekea Kericho. Likapoteza mwelekeo, likaacha njia yake, likaingia walipokuwa watu. Liligonga matatu, likagonga pikipiki za bodaboda, likawapitia wachuuzi pamoja na bidhaa zao na wasafiri waliosimama kando ya barabara wakingoja gari la kwenda nyumbani. Mvua ilikuwa ikinyesha na uokoaji ukawa mgumu. Waliokufa walifika 52.

Viongozi walikuja, wakalia pamoja na wafiwa. Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaagiza masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Lawama nyingi zikamwendea dereva, nyingine zikawaendea wachuuzi: kwa nini wanauzia pale? Na matangani, kama kawaida yetu, ukasikika ule usemi kwamba ajali haina kinga.

Usemi huo nauheshimu ukisemwa kumliwaza mfiwa. Ukisemwa mbele ya mhandisi siukubali hata kidogo. Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha sera iliyosimama juu ya wazo moja: binadamu atakosea, leo au kesho, na barabara inapaswa kuchorwa ili kosa lake lisiwe hukumu ya kifo kwake wala kwa mwingine. Tangu hapo, mtu akifa barabarani, waliochora, waliojenga na wanaoitunza barabara huulizwa swali lao, na dereva naye huulizwa lake. Sisi tumezoea kumuuliza dereva peke yake. Londiani dereva alishindwa kulimudu gari lake, hilo halina ubishi. Lakini kwa nini gari lililopotea njia kwa mita chache tu liliwakuta watu wengi kiasi kile, bila kitu chochote cha maana kati yao na magurudumu?

Naandika haya nikiwafikiria watu wa Sigowet. Barabara yetu inaachana na barabara kuu ya Kericho na Kisumu pale Kapsoit, inapita Sigowet, kisha inateremka hadi Sondu kukutana na barabara ya Kisumu na Kisii. Juu kuna majani chai na maziwa yanayotafuta njia ya kwenda kiwandani. Chini kuna soko la Sondu, ambako Wakipsigis, Wajaluo na Wakisii wameuziana tangu zamani. Katikati ni sisi, tunaopanda na kushuka. Kwa hiyo Sigowet inaishi kwa makutano. Mtoto akienda hospitali Kericho, mama akipeleka kuku Sondu, mzee akifuata pembejeo mjini, safari haikosi kusimama mahali ambapo barabara mbili zinakutana.

Na hapo ndipo funzo la Londiani linapoanza. Watu husema soko la makutanoni limeota lenyewe, na kwamba wachuuzi ni wakaidi wanaovamia hifadhi ya barabara. Tazama jinsi linavyoota. Gari likifika makutano lazima lipunguze mwendo. Likipunguza mwendo, abiria huteremka ili abadilishe gari. Anayebadilisha gari hungoja. Anayengoja huona njaa, hukumbuka kwamba hakununua mboga, huhitaji bodaboda ya kumfikisha kijijini ambako matatu haifiki. Basi mama mwenye kikapu cha ndizi anajiweka mahali wateja wamewekwa na barabara yenyewe. Mhandisi anayechora makutano amechora na soko, apende asipende. Tofauti ni kwamba barabara huchorwa kwa rula, na soko huachwa lijitafutie pa kukaa, nalo hukaa pale penye hatari kubwa zaidi kwa sababu ndipo magari yanaposimama.

Wanaopima usalama wa miundo mbalimbali ya makutano wana elimu nzuri, na ningependa kila mwananchi aijue kidogo. Huanza kwa kuhesabu nukta ambazo njia za magari hukatana, huungana au huachana, maana kila nukta ni nafasi ya kugongana. Makutano ya kawaida ya njia nne yana nukta 32. Pale barabara ndogo inapoingia barabara kuu, yaani njia tatu, zinakuwa 9. Mzunguko wa njia nne wenye safu moja ya magari una 8 tu, na hata hizo 8 hazina ile ya gari kukata ubavu wa jingine kwa kasi, ambayo ndiyo muuaji mkubwa. Ndiyo maana, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulipochunguza makutano 24 yaliyogeuzwa kuwa mizunguko, uliona ajali zenye majeruhi zimepungua kwa takriban robo tatu. Mji wa Springfield, Missouri, ulifungua mwaka 2009 aina nyingine ambayo magari huhamia upande wa pili wa barabara kwa muda yanapovuka daraja, ili anayekata kona asimkate anayekuja. Nako nukta zilipungua, na ajali zikafuata kupungua.

Ukiishia hapo utasema: basi tujengewe mzunguko Kapsoit, au daraja la juu, yaishe. Subiri kwanza. Tarehe 8 Agosti 2025 basi la shule lililobeba waombolezaji kutoka Nyahera kwenda Nyakach lilifika mzunguko wa Coptic mjini Kisumu, likashindwa kuukata, likapinduka. Zaidi ya watu 20 walikufa. Nyakach ni jirani zetu, ukivuka Sondu umefika kwao. Taarifa za siku ile zilitaja mwendo wa kasi. Mzunguko huokoa kwa sababu humlazimisha dereva apunguze mwendo, lakini lazima awe ameanza kupunguza kabla hajaufikia. Ukiuweka mahali ambapo magari hufika yakiwa na kasi, bila kumwonya dereva kutoka mbali kwa alama, kwa mikunjo midogo ya barabara na kwa mistari ya kutikisa magurudumu, mtu aliyechoka au mwenye breki mbovu ataugundua akiwa ameshaufikia. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Nchi ya kwetu inashuka kutoka Kericho, mita 2,000 hivi juu ya bahari, hadi Kisumu yenye mita 1,100 na kidogo. Anayetuletea muundo uliofanikiwa kwenye tambarare aulizwe ameupima kwenye mteremko gani.

Daraja la juu nalo lina hadithi yake, na Wakenya tunaijua. Barabara kuu ya Nairobi na Thika ilifunguliwa Novemba 2012 ikiwa na safu nane katika sehemu zake pana, na mizunguko ya zamani kama Pangani na Muthaiga ikapandishwa juu. Magari yaliacha kukatana. Foleni zikapungua. Kwa dereva, ile ilikuwa kazi safi. Lakini watu wa Githurai na wa jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta walibaki na nyumba upande mmoja na steji upande wa pili, na vivuko vya juu vya waendao kwa miguu vilichelewa. Wakawa wanavuka mbio safu baada ya safu, na wengi walikufa, hadi matuta yakawekwa juu ya barabara iliyojengwa mahsusi ili magari yasisimame. Shirika la Afya Duniani husema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Daraja la juu huondoa mgongano wa gari na gari, lakini huongeza kasi, na kasi hiyo hulipwa na asiye na gari.

Hapa ndipo hesabu za nukta zinapopungukiwa. Zile 32, zile 9, zile 8, zote ni za gari na gari. Mama mwenye kikapu hana nukta. Kijana wa bodaboda aliyeegesha akingoja mteja hana nukta, kwa sababu hatembei. Wengi wa waliogongwa Londiani walikuwa pembeni, mahali ambapo kwenye karatasi ya mchoro huachwa peupe. Ungeweza kuyapima makutano yale kwa kanuni zote za njia tatu na ukayapa alama nzuri, na bado watu 52 wakafa.

Upo upimaji ulio bora zaidi. Shirika la kimataifa la iRAP hutoa nyota kwa barabara, kuanzia moja hadi tano, na hutoa nyota mara nne: kwa walio ndani ya gari, kwa wenye pikipiki, kwa wenye baiskeli na kwa waendao kwa miguu. Barabara moja yaweza kupata nyota nne kwa dereva na moja kwa anayetembea. Mwaka 2017 nchi za dunia zilikubaliana kupitia Umoja wa Mataifa kwamba kufikia 2030 barabara zote mpya zifikie viwango vya kiufundi vinavyozingatia usalama kwa watumiaji wote, au zipate nyota tatu au zaidi. Kwa watumiaji wote. Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na waendao kwa miguu ni zaidi ya theluthi yao. Barabara ikinadiwa kwetu kwa nyota za dereva peke yake, tumenyimwa habari ya kifo chetu wenyewe.

Kuna mtego mwingine, nao huwanasa hata watu wa nia njema. Ajali kubwa ikitokea, matuta huwekwa au vibanda huvunjwa. Mwaka unaofuata hakuna ajali kubwa, na mkuu fulani husimama jukwaani akasema dawa imefanya kazi. Huenda imefanya. Lakini mahali palipokuwa na mwaka mbaya kupita kiasi, mwaka unaofuata huwa na nafuu hata pasipofanywa chochote, kwa sababu balaa ya kiwango kile haiji kila mwaka. Mhandisi Ezra Hauer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliandika kitabu kizima mwaka 1997 juu ya namna ya kulinganisha kabla na baada bila kudanganyika: uchukue miaka kadhaa badala ya mmoja, uangalie makutano mengine ya aina ile ile ambayo hayakuguswa, ujiulize kama magari yameongezeka au kupungua. Bila hayo utaisifu dawa isiyotibu, kisha uipeleke hospitali nyingine zote.

Lakini si kila jambo linahitaji hesabu ndefu. Sehemu ya Salgaa hadi Sachangwan, mbele ya Londiani ukienda Nakuru, iliua kwa miaka mingi. Madereva wa malori waliteremka na gia huru ili kuokoa mafuta, breki zikashika moto, wakahamia upande wa wanaopanda. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana uso kwa uso eneo la Migaa, watu 36 wakafa. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, ikatenganisha wanaopanda na wanaoshuka kwa ukuta wa zege. Dereva wa Salgaa hakugeuka malaika kwa sababu ya ukuta ule. Ila sasa ni vigumu gari la upande huu kukutana uso kwa uso na la upande ule, hata dereva akilala. Hiyo ndiyo maana ya kinga iliyochorwa: inafanya kazi wakati binadamu ameshindwa. Najua ukuta kama huo ukipita katikati ya kijiji huwafanya watu wauruke, kwa hiyo sisemi upelekwe kila mahali. Nasema tu kwamba palipoulizwa nini hasa kinachoua, jibu lilipatikana kwa zege na chuma, na halikusubiri tabia za watu zibadilike.

Rudi sasa Londiani na swali lile lile. Kilichoua ni lori zito lenye kasi kufika mahali ambapo watu wengi wamesimama bila kinga. Dawa yake ina sehemu mbili. Moja ni kulishughulikia lori: kupunguza kasi kuanzia mbali, na kwenye miteremko mirefu kutengeneza njia za dharura za kupanda kilima zilizojazwa kokoto, ambazo lori lililopoteza breki huingia na kuzama hadi lisimame. Nyingine ni kuwashughulikia watu: steji ya matatu ihamishwe mita kadhaa kutoka kwenye makutano, iingie ndani kwenye njia yake yenyewe, nyuma ya kizuizi cha chuma kinachoweza kulirudisha gari barabarani. Soko liwekwe nyuma ya steji hiyo. Si kilomita mbili kutoka hapo kwenye kiwanja ambacho hakuna abiria anayeshukia. Amri za kuwafukuza wachuuzi zimetolewa katika barabara nyingi za nchi hii na vibanda vimerudi, kwa sababu zilihamisha wauzaji zikawaacha wanunuzi palepale. Ukihamisha steji, soko litaifuata lenyewe bila askari.

Umbo la makutano, liwe mzunguko, daraja la juu au njia tatu zenye safu maalumu ya wanaokata kona, lichaguliwe baada ya hapo. Kwa makutano ya ukubwa wa yale yetu, naamini mara nyingi njia tatu zilizopangwa vizuri, zenye taa za usiku, kivuko kilichoinuliwa na steji iliyofichwa nyuma ya kizuizi, zitaokoa watu wengi kuliko daraja la mabilioni lililosahau pa kushukia. Mhandisi anaweza kunipinga, na akinipinga kwa vipimo nitamsikiliza. Asinipinge kwa picha nzuri ya rangi iliyochorwa bila mtu hata mmoja ndani yake.

Wala tusingoje maiti ili tupate takwimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walitengeneza zamani njia ya kupima hatari ya makutano kwa kuhesabu ajali zilizokaribia kutokea: gari lililofunga breki kwa kishindo, pikipiki iliyokwepa dakika ya mwisho, mtoto aliyerudi nyuma akishika kifua. Matukio hayo ni mengi kuliko ajali, na yanaonyesha palepale hatari ilipo. Vijana wa bodaboda wanayaona kutwa nzima. Walimu wanayaona saa kumi jioni shule zinapofunga. Daftari, kalamu, tarehe, saa, mahali na kilichotaka kutokea. Miezi mitatu ya maandishi ya namna hiyo ni ushahidi ambao hakuna ofisi inayoweza kuudharau kwa haki.

Katiba ya mwaka 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, kwa hiyo mipango ya barabara huletwa mbele ya watu kabla ya kujengwa, ingawa mara nyingi huletwa haraka haraka na kwa lugha ya kitaalamu. Siku watakayokuja Sigowet, Kapsoit au Sondu na mchoro, iwe ni KeNHA kwa barabara kuu au KeRRA, Mamlaka ya Barabara za Vijijini, kwa za vijijini, nendeni barazani na daftari lenu. Msiulize kwanza lami itakuwa na upana gani. Waombeni waweke kidole kwenye karatasi waonyeshe matatu itasimama wapi, mama mboga atakaa wapi, bodaboda ataegesha wapi, mtoto wa shule atavukia wapi, na kati ya hao wote na lori lililokatika breki kuna nini. Waulizeni makutano hayo yamepewa nyota ngapi kwa anayetembea kwa miguu, na ukaguzi wa usalama umefanywa na nani kabla ya ujenzi kuanza. Kama kidole hakina pa kuangukia, mchoro huo haujakamilika. Waambieni hivyo kwa adabu, mwandike katika kumbukumbu za kikao kwamba mmesema, na muwaombe waurudishe ukiwa na watu ndani yake.